Fahali Mweupe Niliyemwandika Kitabuni

Siku ya kwanza kwenda mnadani Oban, mji wa pwani ya magharibi ya Uskoti, nilirudi na mitamba wawili na deni ambalo sikujua nimelikubali. Ilikuwa Oktoba 2011. Mume wangu alinisukuma kiwiko, "Haya, nyanyua mkono wewe, ng'ombe unawajua kuliko mimi," nami nikanyanyua. Mtamba mweusi aliishia kwangu kwa 1,800. Nikaenda dirishani kwa karani na hesabu yangu kichwani, akanitolea karatasi ya pauni 1,890. Nikajua hapa naibiwa. Karani alicheka akaniambia ng'ombe wa nasaba huku bado huuzwa kwa gini, na gini moja ni pauni moja na peni tano. Sarafu yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 1814. Miaka mia mbili imepita, watu bado wananadi kwa hela ambayo hakuna aliyewahi kuishika.

Nilipaswa kuelewa palepale ni watu wa namna gani ninaoingia kufuga nao. Hawa hawasahau kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Longido, kaskazini mwa Tanzania. Nilikuja Uskoti kufanya kazi ya uuguzi, nikaolewa na mtu wa Argyll ambaye shangazi yake alimwachia ekari za kilima, mawe na matope. Hapa mvua inazidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kilimo hakiwezekani, kondoo tulijaribu tukashindwa, zikabaki nyasi ngumu na vichaka. Mmoja wa ng'ombe wachache wanaoweza kukaa pale mwaka mzima bila banda ni yule mwenye manywele marefu na mapembe, ambaye watalii husimamisha magari kumpiga picha: ng'ombe wa Highland. Ana koti mbili. La nje ni nywele ndefu zenye mafuta, maji yanateleza juu yake. La ndani ni manyoya laini yanayoshika joto. Ukimpapasa katikati ya Januari huku theluji imemkaa mgongoni, unakuta ngozi chini ni ya moto kama mkate uliotoka jikoni.

Mara ya kwanza kumwona nilimkumbuka baba. Nilimpigia simu nikamwambia nimenunua ng'ombe. Hakuuliza wangapi. Kwetu Wamaasai idadi ya ng'ombe haitajwi ovyo, na mfugaji hahesabu vichwa. Anatazama kundi akaona nani hayupo. Aliuliza, "Wanafananaje?" Nikamwambia mmoja mweusi, mmoja mwekundu. Akanyamaza kidogo. Sisi tumegawanyika pande mbili za koo: Odo Mong'i, wa ng'ombe wekundu, na Orok Kiteng, wa ng'ombe mweusi. Baba akasema, "Basi umejaza nyumba zote mbili." Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mama zao ni nani?"

Nikasema subiri, nikafungua karatasi.

Karatasi ile ndiyo niliyoilipia. Ng'ombe wa rangi ileile na mapembe yaleyale asiye na karatasi anauzwa kwa bei ya nyama. Chama cha wafugaji wa ng'ombe hawa kilianzishwa mwaka 1884, na kitabu chao cha kwanza cha nasaba kikatoka mwaka uliofuata. Wakati ule walitambua aina mbili: wadogo weusi wa visiwa vya magharibi, walioitwa kyloe, na wakubwa wa bara, wengi wao wekundu. Leo wote ni kabila moja kitabuni. Ili ndama aandikwe, baba na mama lazima wawe wameandikwa. Kwa hiyo mtamba wangu mweusi ana bibi wa bibi wa bibi anayejulikana kwa jina na kwa zizi. Nasema zizi kwa sababu nao husema hivyo: kundi la ng'ombe wengine kwa Kiingereza ni herd, lakini la hawa ni fold, kutokana na maboma ya mawe ambamo wazee wao waliwalaza usiku. Neno hilo halikunipa tabu.

Nilimsomea baba majina ya mama, bibi na bibi mkubwa. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na walikuwa na miguu gani?" Karatasi haikusema.

Niseme kuhusu majina, maana hapo nilijifurahisha kuliko mahali pengine popote, na hapo pia nilikosea kwanza. Kila zizi lina jina lake lililosajiliwa, na kila mnyama hupewa jina lake, mara nyingi la Kigaeli, likifuatiwa na rangi. Dubh ni nyeusi, ruadh nyekundu, buidhe njano, bàn nyeupe, odhar ni ile rangi ya vumbi la barabara, riabhach ni ya michirizi. Nyumbani tunafanya vivyo hivyo: Narok ni mweusi, Naibor mweupe, Nado mwekundu. Kwa hiyo ndama jike wa kwanza mweusi nilimwandika kwa fahari: Mòrag Dubh. Fomu ikaenda, jina likakubaliwa, likaingia kitabuni.

Jirani yetu, bibi mzee aliyelelewa kwa Kigaeli kisiwani Mull, aliposikia alishika kichwa. "Mòrag ni mwanamke! Ni Dhubh. Wewe umemvalisha suruali." Kumbe kivumishi chao hubadilika herufi ya mwanzo kikifuata jina la kike. Nikacheka kwa aibu, kwa sababu mtu anayezungumza lugha ya mweusi, nyeusi, cheusi na jeusi ndiye aliyepaswa kushtuka mapema. Tena hiyo dh hutamkwa sawasawa na gh yetu ya ghali; mume wangu, Mskoti wa kuzaliwa, haiwezi mpaka leo, mimi niliitoa mara ya kwanza. Lakini Mòrag alikwishaandikwa. Wajukuu zake wana jina sahihi, yeye ana kosa langu, na yeyote atakayefuatilia ukoo wake miaka hamsini ijayo atakutana nalo.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pasipoti halikuchekesha.

Huku kuna vitabu viwili, na mgeni huvichanganya. Kimoja ni cha chama, cha hiari, cha nasaba. Kingine ni cha serikali, na hicho hakina mchezo. Tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliporipuka na Ulaya ikafunga milango kwa nyama ya Uingereza mwaka 1996, kila ndama anayezaliwa lazima awe na pasipoti. Hereni mbili masikioni ndani ya siku 20, maombi ya pasipoti yafike ndani ya siku 27. Siku ya 28 umechelewa.

Majira ya kuchipua ya 2013 yule mtamba mwekundu alizaa. Ng'ombe hawa huzaa wenyewe, hawahitaji mkunga, na tatizo ni hilohilo: huzaa wanapotaka. Alipotea siku mbili. Nilimkuta bondeni, tumbo limeshuka, chuchu zimenyonywa, ndama hayupo. Amemficha kwenye magugu makavu, na kila nikisogea upande mmoja anageuza mapembe. Mapembe ya jike ni membamba na marefu kuliko ya dume na huelekea juu. Unaweza kupishana nayo kama una bahati. Nikaondoka. Ikawa hivyo siku baada ya siku, nikitoka zamu ya usiku hospitalini nakwenda kuviziana na ng'ombe. Tulipomtia hereni zilikuwa zimebaki siku chache za hesabu. Mume wangu akaijaza fomu, akaiweka kwenye gari aipeleke posta. Fomu ikakaa garini chini ya mfuko wa misumari.

Pasipoti ilikataliwa. Ndama asiye na pasipoti hawezi kuuzwa hai wala nyama yake kuingia kwenye chakula cha binadamu. Anabaki kwenye shamba alilozaliwa. Sikuongea na mume wangu siku mbili, kisha nikajua siwezi kumlaumu peke yake, mimi ndiye niliyeachia tarehe ziende nikisema kesho. Yule ndama sasa ni jike la miaka mingi, tumbo kubwa, mpole. Watoto wake wamefika mpaka Ujerumani. Yeye hajawahi kuvuka geti. Mwanangu anamwita Mfungwa. Siku hizi naomba pasipoti kwa simu nikiwa bado nina damu ya sikio vidoleni. Hereni yenyewe hunyofoa kipande kidogo cha sikio kinachokwenda maabara kupimwa ugonjwa wa kuhara wa virusi, kwa hiyo mnyama anaanza maisha kwa kuandikwa na kupimwa kabla hajajua majani.

Sasa fahali mweupe.

Rangi za ng'ombe hawa ni kamari yenye kanuni. Chini kuna mweusi au mwekundu. Juu yake kuna kinasaba kinachofifisha. Mwekundu akirithi nakala moja anakuwa wa njano. Mweusi akirithi moja anakuwa wa rangi ya vumbi. Wakirithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, mwekundu huwa mweupe na mweusi huwa wa fedha. Mwaka 2012 nilinunua jike la njano, na kiangazi cha 2014 tukaazima fahali wa rangi ya vumbi kutoka zizi la mbali. Mzee jirani yetu, ambaye amefuga ng'ombe hawa tangu utoto, alipiga hesabu akiwa ameegemea ukuta wa mawe: "Mmoja kwa wanne, utapata wa kung'aa."

Aprili 2015 akaja. Dume. Mweupe kama maziwa, pua ya waridi, macho yamefunikwa na kishungi. Watalii walishuka kwenye mabasi. Mimi ninayejidai kuwajua ng'ombe nilikaa ukutani kama mtoto nikamtazama mpaka chai ikapoa.

Mzee akaja siku ya tatu. Hakumtazama usoni. Alizunguka nyuma, akamfanya ndama atembee, akamfanya atembee tena. Akasema, "Nyama yake itakuwa nzuri." Kwa wazee wa huku hilo ni tusi. Nikamuuliza ana nini. "Miguu ya nyuma imenyooka mno. Kilima kitamla magoti. Usimwandike."

Nilimtumia baba video, nikitaka tu ashangae weupe. Alijibu baada ya saa moja, amekwenda mahali penye mtandao: "Huyu anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kwa nini bado ana makende?"

Wazee wawili, mmoja Longido, mmoja Argyll, hawajawahi kuonana, hawana lugha moja, wamesema neno lilelile ndani ya siku moja. Nami nikamwandika. Nilijaza fomu, nikapeleka nywele za mkia maabara wathibitishe wazazi, nikalipa, nikampa jina la mfalme. Najua nilichokuwa nafikiri. Kwetu ng'ombe ni wa baba, maziwa ndiyo ya mama. Nilikuwa sijawahi kuona jina la mwanamke limeandikwa kuwa mmiliki wa fahali, na hapa karatasi ilikuwa na jina langu peke yangu. Nilitaka jina hilo likae kwenye kitu ambacho watu watageuka kukitazama.

Tulimlea miaka miwili. Tulimfundisha kamba, tulimwosha, tulimchana nywele mpaka zikasimama. Februari 2017 nikampeleka Oban kwenye mnada wa mafahali. Uwanjani watu walinong'ona alipoingia, simu zikapanda juu. Mnadishaji akaanza 3,000. Akashuka 2,000. Akashuka 1,500, akanitazama. Wale wenye simu hawakuwa wanunuzi. Wanunuzi walikuwa wameinamisha vichwa, wakitazama chini ya tumbo, nyuma, kwenye vifundo. Hakuna mkono ulionyanyuka. Nilimzungusha duru moja zaidi ya lazima kwa sababu sikujua mlango wa kutokea uko wapi.

Ningekomea pale ningekuwa na hasara ya pesa tu. Lakini nilirudi nyumbani na ukaidi, nikamwachia majike sita kiangazi kile. Walizaliwa ndama watano, madume matatu tukayahasi, majike mawili nikayaandika. Wote wawili wana miguu ile. Mmoja alipofika miaka minne alikuwa anashuka kilima kwa kujipinda, akisimama kila hatua chache kama bibi anayeteremka ngazi. Fahali mwenyewe tulimchinja. Ulikuwa uamuzi mwepesi kuusema na mgumu asubuhi yake.

Mzee jirani hakuwahi kusema nilikuambia. Alikuja na chupa, akakaa jikoni, akanisimulia miaka ya 1996 hadi 2005, wakati sheria ilikataza nyama ya ng'ombe aliyezidi miezi 30, isipokuwa kwa ruhusa chache. Ng'ombe hawa hukua polepole. Mtamba huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au zaidi, na maksai wengi katika miezi 30 ndiyo kwanza wanaanza kujaa. Watu walikata tamaa, alisema, wakauza mazizi. Yeye alibaki na majike saba. "Wale saba niliwachagua kwa miguu na maziwa. Rangi nilichukua iliyokuja." Nilipomuuliza ni madume mangapi ameyaandika maisha yake yote, akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akarudia kuhesabu, akakunja kimoja.

Kuna kisa cha pembeni nisichoweza kukiacha. Mwaka uliofuata fahali wa shamba jingine, wa kabila la Shorthorn, alivunja ukuta akakaa na majike yetu wiki nzima tukiwa safarini. Ndama mmoja mwekundu akazaliwa mwezi wenye utata, mzuri ajabu, mnene, miguu minne imekaa kama ya meza. Nilitamani awe wetu. Nywele zikaenda maabara, jibu likarudi: baba si fahali wetu. Kitabuni hana nafasi. Mzee alicheka sana, akanionyesha upande wa bahari, kisiwa cha Luing kisicho mbali nasi, ambako ndugu wa familia ya Cadzow walianza mwaka 1947 kuchanganya Shorthorn na Highland kwa makusudi, na mwaka 1965 serikali ikautambua mchanganyiko huo kuwa kabila kamili lenye kitabu chake. "Umechelewa miaka sabini tu," akasema. Maksai yule alituletea bei nzuri kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumwandika.

Majira haya ya kuchipua Mòrag, yule wa kosa la sarufi, ambaye sasa ni mkongwe (majike haya huzaa hata wakipita miaka kumi na minane), hakupata mimba. Lakini mjukuu wake wa njano alizaa dume jeupe. Siku ya kwanza nilimtazama kwa nyuma kabla sijamtazama usoni. Miguu ni mizuri. Si ya ajabu, ni mizuri. Nilimtumia baba video, akajibu kwa neno moja: "Anatembea."

Sheria ya huku inaruhusu mpira wa kuhasi katika siku saba za kwanza tu. Baada ya hapo ni koleo, na akipita miezi miwili lazima daktari wa mifugo na ganzi. Wengi husubiri waone atakuwaje. Siku ya sita nilikwenda bondeni na mpira mfukoni na mume wangu amebeba ubao wa kumkinga mama. Aliniuliza kama nina uhakika, huyu hana kasoro. Nikamwambia mama yake ana maziwa haba, niliona mwaka jana, ndama alikuwa wa mwisho kunenepa. Hilo halimo kwenye fomu yoyote, wala hakuna mnunuzi ambaye angeliona uwanjani Oban.

Ilichukua dakika moja. Alisimama, akatikisa mkia, akaenda kunyonya.

Pasipoti yake imekuja wiki iliyopita, ndani ya muda. Jina la Kigaeli hana. Mwanangu anamwita Maziwa, nami nimemwambia asimzoee sana.